Mita Mia, Lango kwa Lango

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Kazi za jamii asubuhi. Tumezibua mtaro wa avenue yetu. Yaani wao wamezibua, mimi nimesimamia. Mtu anayetaka kuwa chef wa nyumba kumi haonekani na tope hadi magotini. Aboubacar alionekana na tope hadi magotini. Watu wakamshangilia! Mafundi magari wastaafu wanajua kujipendekeza.

Chef wetu wa zamani amehamia Gitega kwa binti yake. Uchaguzi ni tarehe 4 Oktoba. Wagombea ni wawili. Kuna mimi, Cirimwami, mwandika vibao, mtu wa Bukavu, miaka ishirini na sita hapa Nyakabiga. Na kuna huyo Aboubacar, ambaye sifa yake kubwa ni kwamba amezaliwa hapa, na baba yake, na babu yake. Kuzaliwa si kazi.

Halafu pigo. Aboubacar, ameegemea koleo lake, akatangaza kwamba vyumba vyake vya nyuma amelipatia shirika. Shirika gani? La kubadilisha sindano. Wale wanaojidunga unga wa boost wanaleta sindano chafu, wanapewa safi, wanafungwa vidonda, wanaenda zao. Nikauliza kama wameshapata mtu wa kuwaandikia kibao. Akasema hawataki kibao, wagonjwa wanaona haya. Hawataki kibao! Watu wa aina gani hao?

Ukuta wangu wa nyuma unatazamana na lango lake. Na nyuma ya ukuta huo, katika chumba cha uani, analala mdogo wangu Mugisho. Karitiye yote, mtaa mzima, inajua kwamba Mugisho ana malaria isiyopona. Miaka minne ya malaria. Nimeihangaikia sana hiyo malaria, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Jumatatu, 8 Septemba

Mugisho amekwenda kule. Mchana kweupe! Akatoka kwa lango letu, akazunguka njia yote, akawasalimia watu wote, akaingia kwa Aboubacar. Alirudi na bandeji safi mkononi na pakiti ndogo mfukoni, anapiga mluzi. Sijamsikia akipiga mluzi tangu alipoacha kuchomelea. Zamani alikuwa mchomeleaji wa kwanza Nyakabiga hii. Madirisha ya avenue nzima ni mikono yake.

Nikamwambia anaua uchaguzi wangu. Akacheka. Akaniita yaya, kaka mkubwa, kama kwetu: "Yaya, mi ndiye nakufa, we unalilia uchaguzi?" Akanieleza kwamba kuna muuguzi anaitwa Joëlla, amemwosha kile kidonda bila kugeuza uso. Hakumuuliza jina. Alimwandika kwa namba.

Mimi kile kidonda sikuweza kukitazama. Nakiri hapa, ambapo hakuna anayesoma.

Nimefikiri hadi chakula kikapoa. Kituo kingekuwa mbali, Mugisho angekwenda kwa siri, kama mtu mwenye heshima zake. Kwa hiyo kituo lazima kihame. Ni kwa faida yake. Yangu pia, lakini kwanza yake.

Jumatano, 10 Septemba

Komine, yaani manispaa, ofisi ya ujenzi na ramani. Kuna dada mmoja anaitwa Prudence, mkali, ana ramani ya mji mzima ukutani. Njano ni makazi, nyekundu ni biashara. Sisi tuko kwenye njano. Nikauliza kwa sauti ya uchungu, sindano zinafanya nini kwenye njano? Akajibu kwamba huduma ndogo ya afya inaruhusiwa kwenye njano. Roho ikashuka. Halafu akaongeza, bila kuinua macho, kwamba kuna sharti: huduma ya watu wa madawa isiwe ndani ya mita mia moja kutoka shule au nyumba ya sala. Inapimwa lango kwa lango, kwa njia anayopita mtu. "Papa, loi ni loi," akasema, yaani sheria ni sheria.

Nusura nimkumbatie.

Jioni nimepima kwa hatua. Shule: mia mbili na kumi. Msikiti: mia moja sitini na tatu. Nikarudia msikiti kwa hatua ndefu. Mia moja thelathini na moja, na kitu kimekatika kwenye paja. Mathilde, mke wangu, amenikanda kwa maji ya moto bila kuuliza nilikuwa wapi. Huyo mwanamke akinyamaza hivyo mimi huwa sina raha.

Nimelala kifudifudi, wazo likaja. Kama nyumba ya sala haipo karibu, mtu si anaweza kuianzisha? Penye nia pana njia!

Jumapili, 14 Septemba

Nimeianzisha. Sebuleni kwangu.

Kibao changu ni kizuri kuliko vyote nilivyoandika maishani: CHUMBA CHA SALA, MLANGO MWEMBAMBA, herufi za bluu zenye kivuli cheupe. Ofisi ya zone ilitaka mchungaji mmoja, mabenchi, na sahihi kumi za waumini. Mchungaji ni mimi. Sahihi nilimwomba Mama Irène, muuza visamaki vya ndagala, kiongozi wa kikundi cha maombi kilichofukuzwa na mwenye nyumba wao kwa kelele. Walikuja wanawake kumi na mmoja, saa kumi na moja alfajiri. Nilidhani wataweka sahihi na kurudi kwao. Waliweka sahihi na kupiga magoti. Hadi saa nne!

Mama Irène ananiita "mutumishi". Akaniomba nihubiri. Nikahubiri juu ya kuta za Yeriko, kwa sababu siku hizi nawaza kuta tu. Walilia. Naona nina kipaji.

Halafu balaa. Mama Irène alishukiwa na Roho, akafumba macho, akanyoosha kidole upande wa uani, akapaza sauti kwamba katika nyumba hii anaona sindano. Wanawake kumi walifumbua macho. Mungu wangu! Nikasema haraka haraka kwamba sindano ni zangu, nina ugonjwa wa sukari, najidunga kila siku. Yoo! Waliniwekea mikono hadi shingo ikauma.

Chai ilipokuja, yangu haikuwa na sukari. Andazi lilichukuliwa mkononi mwangu, tena kwa upendo. Mathilde alitia vijiko vinne kwenye kikombe chake, akakoroga taratibu, huku ananitazama.

Jumatano, 17 Septemba

Prudence amekuja na utepe wa kupimia. Lango langu liko avenue ya mbele, la Aboubacar avenue ya nyuma, kwa hiyo mtu lazima azunguke. Mita mia moja na kumi na nane. Kumi na nane tu! Nikamwonyesha ukuta wa nyuma, nikamweleza kwamba mtu akiruka hapa hazifiki hamsini. Akajibu kwamba waumini hawaruki kuta.

Mama Irène alikuwepo. Akasema yeye angeruka kama Bwana angemtuma. Prudence hakuandika hilo.

Kwa hiyo ni lango jipya, kwenye ukuta wa nyuma. Na lango linataka mchomeleaji. Na mchomeleaji asiyekwenda kunisema kwenye kila duka ni mmoja tu.

Jumapili, 21 Septemba

Mugisho amemaliza lango. Siku tatu. Asubuhi mikono ilikuwa inatetemeka, nikaogopa atajichoma. Alikuwa anakwenda kwa Joëlla kupitia tundu la ukuta tulilobomoa kwa ajili ya lango, anarudi, anatulia kidogo, anafanya kazi. Nimekaa kwenye ndoo nikamtazama. Cheche zinaruka, yeye ameinama, kama zamani kabisa. Juu ya lango ameweka ua la chuma, petali sita. Sikumwagiza.

Alipomaliza alifungua na kufunga, akafungua na kufunga. Halafu akanishika bega. Akasema, "Yaya, asante. Ulinifikiria. Sasa sitazunguka mbele ya watu."

Alidhani lango ni lake. Alidhani nimebomoa ukuta ili apate njia fupi ya kwenda kwa muuguzi.

Ningesema nini? Nikasema ndiyo. Nikalipaka rangi ya kijani haraka, hata kabla chuma hakijapoa. Rangi imeshika vibaya.

Jumatano, 24 Septemba

Mita hamsini na mbili! Lango kwa lango! Prudence alipima Jumatatu, mara mbili, akakunja utepe wake, akasema loi ni loi, safari hii kwa huzuni kidogo. Barua ya kuhama ilifika kwa Aboubacar jana. Leo wameondoka. Kituo kimekwenda Kinanira, kule mlimani kusini, ambako shirika limepata nyumba.

Aboubacar alibeba masanduku yao mwenyewe, akayapanga kwenye mkokoteni. Hakunitukana. Alinisalimia, akaniuliza habari za mgonjwa wangu, halafu akasema tu kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Nikamjibu kwamba nyumbani kwangu hakuna nyoka. Akasema inshallah.

Joëlla alipitia lango langu, lile la kijani, kumuaga Mugisho. Alimwachia sindano nne, nyingine zilishafungwa masandukuni. Alimchorea ramani ya Kinanira nyuma ya boksi la dawa. Mabasi hakuna, petroli hakuna tangu lini sijui, kila mtu anatembea. Mugisho aliitazama ile ramani muda mrefu. Akauliza nani amewashtaki. Joëlla alinitazama mimi, halafu akasema ni mambo ya komine.

Kikundi cha maombi kimeleta Fanta za kushangilia ushindi. Mimi nilipewa maji.

Jumatano, 1 Oktoba

Siku mbaya.

Juzi Mugisho alijaribu kwenda Kinanira kwa miguu. Alifika mtoni Muha, miguu ikagoma, akakaa chini ya daraja na wenzake wawili hadi jioni. Amerudi na homa. Mkono umevimba, unang'aa. Nikamuuliza sindano alipata wapi. Akageukia ukutani. Akasema, "Ni ya mwenzangu, yaya. Tuliiosha na maji ya muto."

Nimeogopa. Naandika hivyo hivyo: nimeogopa sana.

Nikakimbilia famasi. Nimeazimia kununua boksi zima. Mfamasia akanitazama kuanzia viatu hadi kofia, akasema siku hizi bila karatasi ya daktari sindano hauzi, kwa sababu ya hawa wa boost. Nikasema ni za sukari. Na nani alikuwa nyuma yangu? Mama Irène. Akapaza sauti kwamba huyu ni mutumishi wa Mungu, mgonjwa wa sukari, yeye ni shahidi, famasi nzima ni shahidi. Mfamasia akalegea. Akasema basi anipime tu, dakika moja, kisha anipe. Akanitoboa kidole.

Sukari yangu ni ya kijana wa miaka ishirini.

Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini Mama Irène hakusema muongo. Alipiga kelele moja iliyosimamisha baiskeli barabarani. Nimepona! Muujiza! Alinishika mkono akanizungusha avenue nne, nyumba kwa nyumba, mfamasia anatuita nyuma kwamba hakuna haja tena ya sindano, atukuzwe Bwana.

Nimerudi bila sindano. Walinipa Fanta. Nimeinywa yote.

Jumamosi, 4 Oktoba

Uchaguzi ulifanyika baada ya kazi za jamii, kwenye avenue ya nyuma, kwa mtindo wetu: mgombea anasimama, anayemtaka anajipanga nyuma yake.

Nyuma ya Aboubacar walijipanga wote. Wote! Mama Irène alinieleza kwa upole kwamba mtu wa miujiza hahitaji cheo. Na Mathilde, mke wa ndoa, alipita mbele yangu na kitambaa chake kizuri, akasimama wa tatu. Hata si mkiani. Wa tatu! Nikamwita kwa macho. Akasema, kila mtu akasikia, "Baba Jordan, mi niko na macho. Nimeona lango."

Nyuma yangu hakuna mtu. Nilisimama hivyo hivyo, kifua mbele.

Ndipo lango la kijani likafunguliwa. Mugisho akatoka. Amevaa shati jeupe, amelifunga vifungo vyote hadi shingoni, mkono ameuzungushia taulo. Akatembea taratibu, ameshika ukuta, akaja kusimama nyuma yangu. Taulo likateleza. Watu wote wakauona ule mkono. Malaria yangu ya miaka minne ikaishia pale.

Nikamnong'oneza arudi ndani, ananiaibisha. Akasema, "Apana, yaya. We ulinifungulia mulango." Halafu akaanguka.

Gari hakuna, petroli hakuna. Aboubacar aliacha foleni yake, akamwaga mchanga uliokuwa kwenye toroli la kazi za jamii, akatandika koti lake, tukamlaza Mugisho humo. Alisukuma yeye mwenyewe, umri ule, hadi hospitali ya upande wa Kamenge. Mimi nilishika mkono ule usigonge chuma. Njia nzima Mugisho alikuwa anawaka moto na kuongea na marehemu mama yetu kwa Kishi, lugha ya kwetu Bukavu.

Aboubacar ameshinda kwa watu arobaini na sita. Mimi nina mmoja.

Alhamisi, 9 Oktoba

Wamekata vidole vitatu vya mkono wa kulia. Daktari anasema kiganja kilichobaki hakitashika tena chuma. Anasema ni sindano moja iliyopita kwa watu watatu. Damu yake imepelekwa kupimwa magonjwa mengine, na vipimo vitarudiwa baada ya miezi mitatu, kwa sababu mengine hayaonekani mapema. Nikauliza mengine gani. Akaniandikia tarehe ya Januari kwenye karatasi.

Joëlla amekuja kumwona. Kwa miguu, kutoka Kinanira! Amemwekea sindano safi kwenye mfuko wa shati na kumpangia kila Jumanne kule Kinanira: bandeji, sindano, na mazungumzo ya kupunguza ile sumu. Mugisho anapata kizunguzungu, akaniomba niwe ninamsindikiza. Nikamwahidi mbele ya Joëlla, mbele ya Mathilde, mbele ya wagonjwa wote wa chumba kile.

Akaniuliza ua la chuma bado limesimama? Nikasema limesimama. Nikatoka, nikajifungia chooni mwa hospitali, nikalia kwa sauti hadi mtu akagonga.

Nimekoma. Naandika kwa herufi kubwa, mimi mwandika vibao: NIMEKOMA. Hila sitaki tena kuisikia.

Jumapili, 19 Oktoba

Mugisho ametoka hospitali Ijumaa. Analala sana. Anajifunza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto, Mathilde anamfundisha. Mimi Mathilde bado hanisemeshi, isipokuwa "sogea".

Sebule si yangu tena. Baada ya ule muujiza waumini wamefika sitini, na Mama Irène ameleta mchungaji wa kweli. Leo nimekunywa chai jikoni, nimekalia ndoo.

Mchana nikapata wageni. Mabwana watatu, tai shingoni, viatu vina vumbi la safari. Wametoka Kinanira. Walimtafuta mutumishi aliyeponywa sukari, yule anayejua sheria ya mita. Mimi! Kwao, wakasema, kumehamia kituo kimoja cha sindano. Hawana ubaya na mtu, lakini wana watoto, wana majirani wakubwa. Wameshapata nyumba ya kuombea. Wanataka mtu wa kupima na kuandika kibao, mtu mwenye uzoefu. Waliniita "Monsieur le conseiller", bwana mshauri. Walikuja na Fanta mbili, zote zangu.

Nilimfikiria Mugisho. Nilimfikiria kweli, Fanta ya kwanza nzima.

Na nimeona hivi. Kituo kikitoka Kinanira hakiwezi kukaa hewani. Kitatafuta pengine. Na pengine panaweza kuwa Buyenzi, au Bwiza, hapa hapa, hatua chache kutoka kwa mgonjwa wangu! Aliyekipeleka mbali anaweza kukirudisha karibu. Kwa hiyo ni kwa faida yake. Kwanza yake. Nimewakubalia. Tunapima Jumanne.

Kibao nimekimaliza jioni hii. Herufi nyekundu, kivuli cheusi. Kimependeza kushinda kile cha kwanza.

Mugisho ameuliza kutoka chumbani kwake, Jumanne tunaondoka saa ngapi. Nikamjibu kwamba Jumanne nimepata kazi Kinanira. Akafurahi, maskini, akaja hadi mlangoni. "Basi tunaenda pamoja, yaya."

Nimesema sawa. Atembee nyuma kidogo tu, na asinisalimie mbele ya wale mabwana. Kibao ni chepesi. Atakibeba kwa mkono wa kushoto.